Kabali ya Nestori

Mpanda, Jumatano, jua linaelekea kuzama

Kabula mwanangu, mayu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga bibi yako mzaa mama, na najua hutarudi mapema, maana bibi huyo hakubali mtu aondoke kwake bila kula hata kama ametoka kula. Mama yako yuko uani anakaanga karanga zako za safari. Amenuna, lakini karanga anazigeuza vizuri, haziungui. Mimi nimekaa hapa mlangoni, nimeweka ubao wa kukatia nyama magotini ndio meza yangu, naandika kabla giza halijaingia.

Naandika kwa sababu nikisema sitafika mwisho. Jumapili ulijionea mwenyewe.

Siku ile nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi. Nilimeza dawa mapema, nikakaa mbali na jiko, sikumgombeza mtu yeyote kutwa nzima, yote hiyo nilikuwa natunza pumzi ya kikao. Baba yako mdogo Shija alipomaliza hotuba yake, kwamba mtoto wa kike wa ukoo wetu hawezi kwenda Dar es Salaam kucheza mieleka ya kulipwa, kushikwashikwa jukwaani amevaa bukta mbele za watu, nilisimama. Nikasema, "Shija, mdogo wangu, na mimi hebu nisikilizwe." Ukainua macho ukanitazama. Nayaona macho hayo mpaka sasa. Halafu kifua kikafunga. Nilikohoa mpaka nikashika ukuta, mama yako akaleta maji, shangazi yako akakimbilia dirisha, na pumzi iliporudi watu walikuwa wameshahamia kwenye habari za ugonjwa wangu, huyu ananitajia mizizi, yule ananitajia hospitali. Shija akafunga kikao. Akasema nenda, lakini masoko ya tumbaku yakifunguliwa uwe umerudi, maana kuna watu wanakuja kukuposa, na wewe ndiye mzaliwa wa kwanza, wadogo zako wanasubiri njia. Akamalizia, "Na kaka ameafiki."

Kaka ndiye mimi. Mimi nilikuwa nakohoa, mwanangu. Sikuwa naafiki.

Jioni ile ulikuwa unaosha vyombo, ukaniambia bila kugeuka, "Baba, na wewe umenyamaza." Nilitaka kukujibu nikashindwa kuanza, nikatoka nikaenda kukaa na madumu yangu ya asali kwenye kibanda, nimekasirika. Sikukukasirikia wewe. Nilikasirikia hiki kifua ambacho maisha yangu yote kimekuwa kikichagua dakika ya kufunga, na kila mara kinachagua ile ambayo nilikuwa naihitaji mimi.

Basi barua haikohoi. Maelekezo ya safari mama yako ameshakupa, na ameyarudia: fedha uziweke wapi, nani usimwamini, kanisani uende lini. Hayo sirudii. Mimi nina jambo langu moja, na linahusu soksi.

Jana mama yako aliniita nikusaidie zipu ya begi iliyogoma. Katika kuihangaikia nikagusa kitu kigumu chini kabisa, chini ya viatu vyako vya mazoezi. Ni dawa yako ya kuvuta. Umeivisha soksi, ukaifunga na mpira, ukaizika kama mtu anayeficha gongo. Nikakuuliza, "Hao watu wa Dar wanajua una pumu?" Ukaninyang'anya begi. Ukasema, "Baba, wakijua hawanichukui. Kwenye fomu nilijaza sina ugonjwa wowote." Nikakuambia hiyo ni hatari. Ukasema, "Na wewe si ulicheza?"

Nilicheza, ndiyo. Sasa nikuambie nilivyocheza, kwa sababu wewe unajua nusu tu ya habari, ile nusu ambayo watu husimulia sokoni wakitaka kucheka.

Miaka ile vibanda vya video vilikuwa ndiyo vimeingia Mpanda, na vijana wote tulikuwa tunaangalia mieleka ya Wazungu mpaka macho yanauma. Bwana mmoja aliyekuwa na gari bovu na kipaza sauti akakusanya vijana wenye miili, akatufundisha kuanguka. Hicho ndicho kitu cha kwanza, na ndicho ambacho mpaka leo baba yako mdogo hakijui: mieleka ya kulipwa ni kazi ya kuanguka. Mnapatana kabla nani atashinda, nani atabwagwa, lakini mgongo unaotua kwenye ubao ni mgongo wa kweli na maumivu yake ni ya kweli. Kosea kutua na shingo imeondoka. Mnalindana. Yule anayekuinua juu ndiye ameshika uhai wako, na watu wanazomea wakidhani anataka kukuua.

Tulitembea msimu wa masoko ya tumbaku, wakulima wakiwa wameshalipwa na wanataka kufurahi. Jukwaa lilikuwa mbao juu ya mapipa, magodoro, turubai, na kamba kwenye nguzo. Mimi nikapewa jina la Kiboko wa Katuma, kwa ajili ya wale viboko wanaobanana kwenye tope la mto Katuma wakati wa kiangazi. Nestori, unayemjua wewe kama mwalimu wako wa mieleka mwenye karakana ya kuchomelea mageti, yeye alikuwa Radi ya Mishamo. Alikuwa anasema jina langu limenifaa kabisa kwa sababu na kiboko naye anakoroma.

Nilikuwa nakoroma kwa sababu ya bani. Babu yako, baba yangu, alitoka Usukuma na ng'ombe wake akaja kukaa upande wa Inyonga, huko akaingia kwenye tumbaku kama wengine wote. Tumbaku ikichumwa inakaushwa kwenye bani, na moto wa bani hauachwi mchana wala usiku. Ukipungua jani linaharibika, ukizidi jani linaungua, na kazi ya mwaka mzima inakuwa imekwisha. Babu yako alikuwa na sheria yake, sijui aliitoa wapi: moto wa bani anaukalia mzaliwa wa kwanza. Shija alikuwa na kifua kizuri, anapuliza filimbi ya madaha akizunguka na ng'ombe, lakini alizaliwa wa pili. Basi mimi mwenye pumu tangu utotoni ndiye niliyekuwa nalala mbele ya tundu la moto, moshi unatoka kwenye mabomba yaliyopasuka unaniingia. Nilimwambia mara moja kwamba kifua kinabana. Akaniambia, "Kila kifua kinabana, baba. Kalia moto." Hakuwa mkatili. Ndivyo alivyokuwa anaonyesha kwamba ananiamini, na hilo ndilo lilinishinda kulipinga.

Kwa hiyo kila msimu wa mieleka ulipoanza, mimi nilipanda jukwaani nikiwa nimetoka kuvuta moshi wa miezi. Vidonge vyangu nilivificha ndani ya kiberiti, nikamwambia bwana wa kundi kwamba mimi ni mzima. Hiyo soksi yako naijua, Kabula. Ilianza kwangu ikiwa kiberiti.

Aliyenigundua ni Nestori. Tulikuwa mazoezini, akaniacha katikati, akasimama ameshika kiuno.

"Wewe, mbona kifua kinapiga filimbi?"

"Mafua."

"Mafua gani ya kila siku? Mama yangu alikufa na filimbi hiyo hiyo. Usinidanganye mimi, bwana. Mwenye kundi mdanganye, watazamaji wadanganye, mimi ndiye nakubeba."

Nilikasirika, nikamwambia ashughulike na kwaya yake. Alikuwa anaimba kwaya, kama anavyoimba mpaka leo, vibaya vile vile. Hakuondoka. Tukakaa pale kwenye mbao mpaka nikamwambia ukweli, naye akaniambia, "Basi nitakuwa nakupiga kabali."

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana watu wote walioiona kabali ya Nestori waliiogopa, na hakuna aliyejua ni nini. Pumzi ikianza kunipotea, nilikuwa nambana kwenye kifundo cha mkono mara mbili. Yeye hapo hapo ananiangusha, anakaa nyuma yangu, ananizungushia mkono shingoni na kuanza kunguruma na kutoa macho. Mimi nalegea. Watu wanapiga kelele, akina mama wanafunika watoto nyuso. Na ndani ya ule mkono, mwanangu, palikuwa na nafasi ya kutosha kupitisha embe. Alikuwa ameniegemeza kifuani kwake, ameninyoosha mgongo, ananinong'oneza, "Vuta taratibu. Usikimbilie. Taratibu." Mahali pekee palipokuwa na hewa kwenye jukwaa zima palikuwa kwenye kabali ya Nestori. Nikishapata nguvu nambana mara moja, kwa muda mrefu, maana yake niachie. Hapo ninainuka kwa kishindo, watu wanachanganyikiwa: Kiboko amefufuka! Tulicheza hivyo misimu mingi na hakuna aliyeshtuka.

Mpaka Inyonga.

Tulikuwa hatujawahi kucheza Inyonga, nilikuwa nakwepa kwa sababu ni karibu na nyumbani. Babu yako alijua natembea na kundi la michezo, hakujua mchezo wenyewe ni upi. Bwana wa kundi akalazimisha, soko lilikuwa kubwa mwaka ule. Uwanja ulijaa. Katikati ya pambano kifua kikaniambia basi, nikambana Nestori mara mbili, akanipiga kabali, nikalegea na kufumba macho kama kawaida.

Nikasikia watu wanacheka. Halafu nikasikia fimbo.

Kumbe babu yako alikuwa pale. Alikuja kuangalia bei ya tumbaku, akaambiwa kuna mieleka, akasogea, akamwona mwanawe wa kwanza amelala ananyongwa na mtu mwenye misuli, watu mia mbele yake wamekaa wanashangilia. Angefikiri nini? Alipita chini ya kamba na fimbo yake ya kuchungia, akaanza kumcharaza Nestori mgongoni. Alikuwa anapiga kama anavyompiga fisi aliyeingia zizini. "Mwachie mwanangu! Mwachie, nyie watu, hamuoni anakufa?"

Na Nestori hakuniachia. Naomba uelewe hilo. Sikuwa nimembana ile mara moja ndefu, bado sikuwa na hewa, na kuniachia maana yake ni kwamba nisimame na kucheza bila pumzi. Alipigwa fimbo akatulia, ameinamisha kichwa ili zisinifikie mimi, na bado ananinong'oneza, "Taratibu, ndugu yangu. Vuta taratibu." Nilikuwa nasikia kila fimbo kupitia kifua chake. Alama mbili anazo mpaka leo chini ya bega, siku moja mwambie akuonyeshe, anazionea fahari huyo mjinga.

Watazamaji walikuwa wanafurahi kupita kiasi, walidhani mzee ni sehemu ya mchezo. Tungeacha hivyo ingekuwa ndiyo siku yetu kubwa. Lakini mimi nilipopata pumzi niliona aibu, nikaruka juu, nikamshika babu yako fimbo na kupaza sauti, "Mzee, acha! Ni mchezo tu! Tumepatana!"

Kipaza sauti kilikuwa karibu. Uwanja mzima ukasikia.

Kisha wakaanza: matapeli, turudishieni viingilio. Wakarusha magunzi, wakakata kamba. Babu yako akasimama katikati na fimbo yake mkononi, akinitazama mimi, wala hakuwatazama wao. Alikuwa amepanda mbele za watu kuokoa mtoto, na mtoto amemwambia mbele ya watu hao hao kwamba hakuna cha kuokoa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo unalipwa kuanguka?" Nikashindwa kumjibu. Jibu lilikuwepo, Kabula. Ningemwambia, ndiyo baba, nalipwa kuanguka, na ni kazi, na nina kifua kibovu, na huyu unayempiga ndiye anayekitunza. Maneno machache tu hayo. Kifua kikafunga.

Tukakimbia mpaka Mpanda. Huko bwana wa kundi akapata mwaliko wa kwenda Dar, mjini kabisa, kwenye ukumbi wenye taa. Kiboko na Radi walikuwa ndio wa kwanza kutajwa. Siku chache kabla ya kuondoka dereva wa lori akaleta salamu: mzee anaumwa, hali mbaya, rudi. Nestori akaniambia nisiende. Akasema, "Tuma mtu kwanza aone." Nikamtukana, nikamwambia yeye hana baba ndiyo maana. Kweli hakuwa na baba. Nikapanda lori.

Nilimkuta babu yako amekaa mbele ya bani anakula viazi. Nikasalimia, nikamuuliza anaumwa nini. Akamaliza kutafuna kwanza. Akasema, "Kinachoniuma ni aibu." Akasogea pembeni ya tundu la moto ili nikae.

Nami nikakaa. Hakuna aliyenifunga kamba. Ninapokasirika huwa nasema babu yako alinirudisha, ukoo ulinirudisha, kifua kilinirudisha. Lakini kuna lori jingine lilipita kesho yake, na kesho kutwa yake, na mimi nilikuwa nasikia likipita na nikaongeza gogo. Nilidhani nikiukalia moto vya kutosha atanisamehe, halafu nitaondoka na baraka zake. Alinisamehe haraka sana, ndani ya msimu ule ule. Baraka ndiyo hakuwa nazo, na mimi nikawa naendelea kuzisubiri mpaka kifua kikaisha kabisa, mpaka nikawa siwezi hata kubeba gogo, na hapo ndipo sheria ya mzaliwa wa kwanza ikabadilishwa siku moja tu, asubuhi, bila kikao. Shija akapewa moto. Yaani ilikuwa inabadilika! Miaka yote ile ilikuwa inabadilika!

Samahani, nimebonyeza kalamu mpaka karatasi imetoboka hapo. Nimepumzika kidogo. Mama yako ameniletea chai, akachungulia ninachoandika, akasema, "Umwambie na mimi sijanuna, nina mafua." Basi nimekuambia.

Usimchukie baba yako mdogo. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mtu mbaya. Nilipozidiwa kule kijijini, ndiye aliyenifunga kwenye kiti cha baiskeli kwa kanga ya mama yako na kunisukuma kwenye mchanga mpaka zahanati, analia njia nzima. Anakupenda, na anataka kukufungia kwa mapenzi hayo hayo. Inakera sana kupendwa na watu ambao hawataki kukusikiliza. Na mimi sikupata njia ya kupambana nayo, kwa hiyo sina cha kukufundisha hapo. Nina vitu viwili tu ambavyo nina hakika navyo.

Cha kwanza: wakikupigia simu kwamba baba yuko hoi, rudi, usirudi. Nakuandikia nikiwa na akili timamu. Watakupigia. Masoko yakifunguliwa na wewe hujaonekana, watakupigia, na pengine nitakuwa kweli nakohoa pembeni, watakusikilizisha. Muulize Nestori. Nimeshazungumza naye. Yeye atakuja kuniangalia kwa macho yake na atakuambia ukweli, na kama ukweli wenyewe ni kufa, basi utakuja kuzika mtu aliyekuruhusu. Lakini usije kukaa mbele ya moto wangu. Wanaokuja kukuposa nitawapa asali na watakwenda zao.

Cha pili ndicho hiyo soksi. Nestori alitaka awapigie simu watu wa Dar awaambie, kwa sababu na yeye ameisikia filimbi yako mazoezini, unadhani hasikii? Nikamkataza. Tuligombana hasa. Ni kifua chako na mdomo ni wako. Sitafanya kama tulivyofanyiwa, mtu kukaa mbali na kuamua. Lakini nina hasira na wewe, mayu, nina hasira ya kweli, kwa sababu unanitaja mimi kama sababu. "Na wewe si ulicheza." Nilicheza kwa sababu mtu mmoja alijua. Mtu mmoja tu, jukwaa zima! Kabla hajajua, nilikuwa nakwenda kufa, ni vile tu siku ilikuwa haijafika. Na huko Dar hakuna Nestori. Kuna yule msichana wa Tanga uliyenionyesha kwenye simu, mwenye nywele nyekundu, mtakayepangwa naye. Nimeangalia anavyotua. Anatua vizuri, na anamshusha mwenzake kabla ya kujishusha yeye. Mtu wa namna hiyo anaambilika.

Mwambie huyo. Mwenye kundi utamwambia siku utakayoona unaweza, na akikufukuza utakuwa umefukuzwa ukiwa hai, utaniudhi kwa kulia kwenye simu na tutaanza upya. Ila huyo msichana mwambie kabla hamjapanda hata mara moja. Mfundishe kabali. Mkono ulegee hapa mbele, mgongo unyooke, kichwa kiegemee kwake. Mara mbili maana yake sina hewa, nishike. Mara moja ndefu maana yake niachie. Na mwambie hata likitokea nini, hata babu wa mtu akipanda na fimbo, asiachie kabla hujambana.

Dawa nimeitoa kwenye soksi. Iko mfuko wa nje wa begi, ule usio na zipu, mahali kila mtu anaona. Ukitaka kuirudisha chini ya viatu utairudisha wewe mwenyewe, kwa mkono wako, ukijua kwamba mimi najua.

Giza linaingia na nasikia sauti yako huko barabarani, unacheka na mtu. Nifunge.

Kesho stesheni watu watakuwa wengi. Shija atakuja na shati lake jeupe, ataomba sala ndefu, na ndani ya sala atakukumbusha masoko yanafunguliwa lini. Asubuhi kuna baridi na vumbi, kifua changu nakijua, sitaweza kusema chochote. Wataona nimenyamaza, watasema tena kwamba nimeafiki. Waache waseme. Wewe njoo unipe mkono kama unavyompa baba yako mkono, wala hakuna atakayeona kitu.

Nitakubana mara mbili. Unajua sasa maana yake. Nivute, unikumbatie, unishike hivyo hivyo hata treni ikipiga honi, hata Shija akikuita, hata mama yako akisema utaachwa. Usiniachie mpaka nikubane mara moja, ndefu.

Hapo niachie, upande.

Baba yako,
Kiboko wa Katuma